Sindano ya Shaba katika Chumba cha Habari

Kau ni kijiji cha kando ya mto katika delta ya Tana, upande wa Garsen, si mbali na Kipini ambako maji ya mto huo huingia baharini. Katika karne ya 19 palikuwa mahali pa biashara na forodha, na watawala wa Witu na wa Unguja waligombea ushuru wa njia hiyo ya maji, hasa baada ya kuchimbwa mfereji wa Belezoni uliouunganisha mto Tana na mto Ozi. Siku hizi jina la Kau ni nadra kuonekana magazetini ila pakiwa na mafuriko au maafa. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchi hii si ngeni hata kidogo. Ni nchi ya Fumo Liyongo. Magofu ya Shaka na Ungwana, miji inayotajwa katika masimulizi yake, yako pwani hiyo hiyo, na huko Kipini watu huonyesha mahali panapoitwa kaburi lake.

Kisa cha Liyongo kinafahamika na kila aliyepita katika darasa la fasihi simulizi, ila kuna upande wake mmoja usiotiliwa maanani. Liyongo alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote wa pwani ya zama zake: mrefu wa kimo, mshairi, fundi wa gungu, mwenye nguvu za kuogofya. Mfalme aliyemwonea kijicho hakumweza kwa silaha. Alimweza kwa habari. Alimtafuta mtu wa ndani, naye ni mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi makubwa, akamtuma akaulize ni kitu gani kinachoweza kumuua babake. Jibu likawa sindano ya shaba ya kitovuni. Muhamadi Kijumwa alipouandika utenzi wake mwaka 1913, alivipanga vipande vyote hivi bayana: siri ya nyumbani, mnunuzi mwenye mamlaka, mwuzaji aliyetiwa tamaa, na ahadi isiyomneemesha aliyeahidiwa. Anayetaka kuielewa biashara ya majarida ya watu mashuhuri hana haja ya kwenda mbali na Kau.

Lakini kuna jambo ambalo kisa hakilisemi. Hakisemi mfalme angemfanya nini kijana yule lau angekataa.

Swali hilo si la masimulizi ya kale tu. Katika vyumba vya habari vya leo huulizwa kila siku, japo kwa sauti ya chini. Wanaoyahakiki magazeti ya udaku wana mazoea ya kumlaumu mwandishi kwamba hana haya, au kumlaumu msomaji kwamba anapenda umbea. Mtu wa tatu husahauliwa: yule mfanyakazi aliyesimama mbele ya mhariri wake akasema kwamba habari hii si ya kweli, au picha hii imepigwa msibani bila idhini ya wafiwa, au sifa hizi za mwanamuziki zimelipiwa, kisha akaadhibiwa kwa kusema hivyo. Maadili ya uandishi hufundishwa kana kwamba yanamhusu mwandishi na dhamiri yake tu. Kumbe yanahusu pia mkataba wake wa kazi, kodi ya nyumba yake, na nani anayeshika kalamu ya kumfukuza.

Majarida yenyewe yamekuwa mengi. Nchini Tanzania, baada ya milango ya magazeti ya watu binafsi kufunguliwa katika miaka ya 1990, yalizuka magazeti kama Ijumaa, Kiu na Risasi, nayo yakapata wasomaji ambao magazeti mazito hayakuwahi kuwapata. Nchini Kenya kampuni kubwa ziliongeza kurasa za burudani ndani ya magazeti yao ya kawaida, kisha mwaka 2013 kampuni ya Standard Group ikaanzisha The Nairobian, gazeti la kila wiki lililojengwa juu ya habari za watu na siri zao. Haifai kuyadharau magazeti haya moja kwa moja. Yamewasomesha Kiswahili watu wengi ambao hawajagusa riwaya tangu watoke shuleni, na mara nyingine yamefichua uovu wa wakubwa ambao magazeti mazito yaliunyamazia. Fauka ya hayo, ni mwajiri. Mhitimu wa shahada ya Kiswahili asiyepata nafasi ya ualimu ana njia chache mbele yake, na meza ya udaku ni mojawapo. Kwa hiyo jambo hili linawagusa wasomaji wa kurasa hizi kwa karibu kuliko wanavyodhani.

Migogoro ya maadili katika meza hiyo ina sura yake maalumu. Katika siasa, uongo ukichapishwa kuna chama kitakachokanusha na wakili atakayeandika barua. Katika udaku, uongo huchukuliwa kuwa sehemu ya mchezo. Mwigizaji anayesingiziwa mimba anaambiwa ashukuru kwamba jina lake limetajwa. Msanii mwenyewe wakati mwingine ndiye aliyeuza uvumi ili wimbo wake mpya usikike. Mhariri hujibu kila pingamizi kwa neno moja: burudani. Ni neno linalozima mjadala kuliko amri yoyote. Mwandishi kijana anayeng'ang'ania kumpigia simu mtuhumiwa ili apate upande wake huonekana hajui kazi, au anajidai. Ndipo kisasi huanza, tena bila kelele.

Ni muhimu kulieleza hili kwa undani kidogo, maana watu wengi wakisikia kisasi hufikiria barua ya kufukuzwa. Barua ni hatua ya mwisho, na aghalabu haifiki. Kwanza mwandishi huondolewa kwenye orodha ya waendao kwenye hafla. Kisha hupangiwa zamu za usiku, au hupewa kazi ya kutafsiri matangazo. Makala yake hukaa kwenye tarakilishi ya mhariri hadi yachache. Katika mikutano ya asubuhi jina lake hutajwa kwa mzaha. Ikiwa ni mwanamke aliyelalamikia mkono wa bosi wake, yatazuka maneno kwamba ni yeye aliyetaka, na meza iliyozoea kusambaza uvumi wa watu wa nje haitashindwa kusambaza uvumi wa mtu wake wa ndani. Chumba cha udaku kina silaha ambayo ofisi nyingine hazina: kinajua namna ya kuliharibu jina.

Kwa mwandishi wa mashinani mambo ni mabaya zaidi. Wengi wa wanaoleta habari kutoka sehemu kama Garsen, Hola au Kipini si waajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Isipochapishwa hakuna malipo, na nauli ya pikipiki au ya mashua iliyompeleka hadi kijijini imekwisha toka mfukoni mwake. Mhariri anayetaka kumwadhibu mtu wa namna hii hahitaji kuandika chochote. Atanyamaza tu. Habari tatu zitatumwa, hakuna itakayotoka. Baada ya miezi miwili mwandishi atakuwa amefahamu, atanunua nyavu au atarudi shambani. Hakuna mahakama itakayopelekewa kimya kama ushahidi.

Mifano iliyo wazi zaidi nchini Kenya haikutoka kwenye udaku bali katika gazeti lililojihesabu kuwa la heshima kuliko yote, na ndiyo maana inafaa kukumbukwa. Tarehe 2 Januari 2016, gazeti la Saturday Nation lilichapisha tahariri iliyomkosoa vikali Rais Uhuru Kenyatta. Katika mwezi huo huo, Denis Galava, mhariri aliyehusika nayo, alisimamishwa kazi kisha akafutwa. Kampuni ya Nation Media Group ilisema kosa lake ni kutofuata taratibu za kuidhinisha tahariri. Yeye alishikilia kwamba taratibu zilikuwa zile zile za siku zote. Miezi michache tu baadaye jina la pili likaongezeka. Godfrey Mwampembwa, mchoraji katuni Mtanzania anayejulikana kwa jina la Gado, aliyekuwa na kampuni hiyo tangu mwaka 1992, alikuwa ameingia katika likizo ya mwaka mmoja mnamo 2015, muda mfupi baada ya katuni yake iliyomdhihaki Rais Jakaya Kikwete na baada ya gazeti la The EastAfrican kuzuiwa kuuzwa Tanzania mwezi Januari mwaka huo. Likizo ilipokwisha, mkataba wake haukufanywa upya. Mnamo Machi 2018 waandishi wanane wa safu, miongoni mwao Maina Kiai, Rasna Warah, Muthoni Wanyeki na Padri Gabriel Dolan, walijiuzulu kwa pamoja wakilalamikia kupotea kwa uhuru wa uhariri.

Msomaji atazame sababu zilizotolewa katika visa viwili vya kwanza. Utaratibu. Mkataba kumalizika. Hakuna aliyeambiwa kwamba amefukuzwa kwa sababu ya alichokisema. Huenda menejimenti iliamini kwa dhati kwamba utaratibu ulivunjwa. Si kazi ya makala kuwa hakimu. Ila ni dhahiri kwamba lugha ya utaratibu ina nguvu ya kufunika kila kitu, na mwenye kuistahiki na asiyestahiki huangukiwa na rungu lile lile. Tena hawa walikuwa watu wenye majina. Gado alikuwa na katuni zilizojulikana Afrika Mashariki nzima, na wale wanane walikuwa na kazi nyingine za kuwakimu. Waliweza kutoka wakipiga kelele na dunia ikawasikia. Mwandishi wa ukurasa wa burudani mwenye umri wa miaka 24, ambaye jina lake hata halichapishwi vizuri juu ya habari yake, ataondoka kimya, na jumatatu inayofuata kiti chake kitakuwa na mtu mwingine.

Uingereza, ambako magazeti ya namna hii yana umri mkubwa zaidi, jambo hili limefika mbele ya waamuzi na kuandikwa. Matt Driscoll alikuwa mwandishi wa michezo wa News of the World, gazeti la kila Jumapili lililokula na kushiba kwa siri za watu mashuhuri. Chanzo cha masaibu yake kinachekesha kwa kiasi fulani: alishindwa kuthibitisha uvumi kuhusu rangi ya jezi za Arsenal, kisha gazeti jingine likauchapisha. Tangu hapo akaandamwa kwa maonyo hadi akaugua, na mwaka 2007 alifutwa kazi akiwa katika likizo ya ugonjwa. Baraza la kazi liliona kwamba alionewa kwa mpango uliofuatana, likamtaja hata mhariri wa wakati huo, Andy Coulson, kuwa chanzo cha uonevu huo. Mwaka 2009 Driscoll akatunukiwa fidia iliyokaribia pauni 800,000. Mtu afikiri: kosa lilikuwa kutoandika jambo ambalo hakuweza kulithibitisha. Gazeti hilo hilo lilifungwa Julai 2011 kashfa ya kudukua simu za watu ilipofichuka kwa ukubwa wake wote. Hapo ndipo uhusiano unapoonekana. Chumba kinachomwadhibu mtu kwa kukosa uvumi kitawafunza wengine kuupata kwa njia yoyote ile.

Tume ya Jaji Leveson iliyoundwa baada ya kashfa hiyo ilipata ushahidi wa waandishi ambao chama chao kiliomba wasitajwe majina, kwa kuwa waliogopa kwamba wasingepata kazi tena. Mwandishi mmoja aliyejitokeza kwa jina lake, Richard Peppiatt, alikuwa amejiuzulu kutoka Daily Star mwaka 2011 na kukiri hadharani kwamba alitunga habari za watu mashuhuri kwa sababu ndivyo kazi ilivyotakiwa kufanywa. Baada ya kujiuzulu alitumiwa vitisho. Ripoti ya tume, iliyotoka Novemba 2012, ilipendekeza ifikiriwe kutia katika mikataba ya waandishi kifungu kinachosema kwamba mtu hataadhibiwa kwa kukataa kufanya jambo linalopingana na kanuni za maadili. Kifungu hicho huitwa kifungu cha dhamiri, na kitarejelewa baadaye.

Marekani nayo imetoa somo la aina nyingine. Mwaka 2016, kampuni iliyochapisha jarida la National Enquirer ilimlipa mwanamitindo mmoja dola 150,000 kwa haki ya habari yake kuhusu Donald Trump, si ili iichapishe bali ili isichapishwe popote. Mchapishaji wake, David Pecker, alilieleza hilo kwa kiapo mahakamani New York mwezi Aprili 2024. Ni biashara ya kununua siri na kuizika. Mfalme wa kisa cha Liyongo alinunua siri ili aue. Huyu alinunua ili alinde. Kwa mwandishi aliyeko ndani, hata hivyo, matokeo ni yale yale: anajua asichoruhusiwa kusema, na anaijua bei yake.

Si kila mgogoro huisha kwa mwenye kukataa kuadhibiwa na mwingine. Wapo waliojiadhibu wenyewe kwa kuondoka. Jarida la Drum la Afrika Kusini, lililochanganya picha za warembo na wanamuziki na uchunguzi wa jela na mashamba, lilikuwa na mhariri aliyeitwa Sylvester Stein. Mwaka 1957 Althea Gibson, Mmarekani mweusi, alipotwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon, Stein alitaka kuweka kwenye jalada picha ya mshindi huyo akibusiwa na mpinzani wake mzungu. Mwenye jarida, Jim Bailey, akakataa kwa hofu ya siasa za ubaguzi. Stein akaacha kazi. Picha moja ya jalada, habari ya mchezaji mashuhuri, burudani tupu kama wasemavyo wahariri. Na kumbe ndani yake palikuwa na suala lote la Afrika Kusini.

Wamiliki wana hoja, na si haki kuipuuza. Gazeti si mali ya mwandishi. Anayelipia karatasi na wino, na anayeshtakiwa mahakamani kwa kashfa, ana haki ya kuamua litakalochapishwa. Pia si kila anayelia maadili ni mwenye maadili. Kuna mvivu anayesema habari haikuthibitika kwa sababu hakutaka kutoka ofisini, na kuna anayejifanya mtetezi wa ukweli ilhali bahasha ya upande wa pili imo mfukoni mwake. Mhariri asiyeweza kumkemea mtu wa namna hii hawezi kuendesha gazeti. Hoja hii ina uzito, ila haifiki pale inapotaka kufika. Mwenye gazeti kukataa kuchapisha habari ni jambo moja. Kumwadhibu aliyekataa kuandika uongo ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni mamlaka juu ya ukurasa. La pili ni mamlaka juu ya nafsi ya mtu, na hilo hakuna mshahara unaolinunua, licha ya mshahara wenyewe kuwa mdogo.

Sheria ya Kenya inaifahamu tofauti hiyo kwa kiasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, humtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu. Kifungu cha 46 husema kwamba kumfuta mtu kwa sababu ameanzisha malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu ya haki, isipokuwa malalamiko hayo yawe hayana msingi. Kifungu cha 6 humtaka kila mwenye waajiriwa 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Nayo Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 iliipa Kamisheni ya Malalamiko uwezo wa kusikiliza hata migogoro iliyomo ndani ya vyombo vya habari vyenyewe. Kanuni za maadili zilizoambatishwa na sheria hiyo ziligusa kila kitu: usahihi, haki ya kujibu, faragha, kuwaingilia wafiwa, kulipia habari, namna ya kuripoti migogoro ya kikabila. Karatasi hazikosekani.

Kinachokosekana ni daraja kati ya karatasi hizo mbili. Kanuni za maadili humwambia mwandishi asifanye. Sheria ya ajira humfidia akishafutwa, tena kwa kiwango kisichozidi mshahara wa miezi 12. Katikati, siku ile anapoamriwa afanye na anasema hapana, hakuna mkono unaomshika. Na yule wa Garsen anayelipwa kwa habari moja moja huenda asihesabiwe kuwa mfanyakazi hata kidogo, hivyo vifungu vyote vilivyotajwa vinampita kama maji yanavyoupita mwamba wa katikati ya mto. Hapo ndipo kifungu cha dhamiri kinapohitajika: sentensi moja katika mkataba, iwe wa mwajiriwa au wa mwandishi wa kujitegemea, isemayo kwamba kukataa amri inayovunja kanuni za maadili si kosa la nidhamu wala sababu ya kunyimwa kazi. Sentensi hiyo haitawazuia wahariri wote wenye nia mbaya. Itampa angalau mwandishi kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Mkazi wa Kau yahusiani naye mambo ya jezi za Arsenal na majalada ya Drum? Yahusiana hivi. Msomaji wa mjini akidanganywa kuhusu mwanamuziki, anaweza kuuliza mtaani, anaweza kusoma gazeti la pili na la tatu. Msomaji wa delta hana mizani hiyo. Gazeti hufika likiwa limechelewa na mara nyingi ni moja, likisomwa na wengi kwa zamu. Na kinyume chake ni kizito zaidi: habari ya delta ikitoka huko kuelekea Nairobi, hakuna wa kuisahihisha ila yule mwandishi wa mashinani, mtu mnyonge kuliko wote katika mnyororo mzima. Mwezi Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mwezi uliofuata mauaji yakaendelea Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako askari polisi pia waliuawa. Katika siku kama hizo, tofauti kati ya kuandika kilichothibitishwa na kuandika kilichosikika si suala la darasani. Uvumi mmoja kuhusu ni nani anayejipanga upande gani wa mto unaweza kuwatoa watu nyumbani usiku na mikuki. Mwandishi aliyezoezwa katika meza ya burudani kwamba anayeuliza maswali mengi hukosa malipo, ataupelekaje mjini ukweli wa usiku kama huo? Mazoea hayana mlango wa kuyatenganisha na ukurasa wa pili.

Kuna pia yale yasiyoandikwa kabisa. Maji ya bahari yameingia katika mashamba ya mpunga na miembe ya upande wa Ozi, na wakulima wamelalamika miaka mingi. Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Miaka michache kabla ya hapo palikuwa na mvutano mkali kuhusu mpango wa kuigeuza sehemu yake kubwa kuwa mashamba ya miwa. Hizi zote ni habari nzito, zenye watu na hasira na fedha ndani yake. Katika kisa cha Liyongo, mama yake alimpelekea gerezani chakula kizuri pamoja na mkate wa wishwa, na tupa ya kukatia minyororo ikafichwa ndani ya mkate ule wa wishwa. Askari wakala kizuri, wakamwachia mfungwa makapi. Wahariri wanaojaza kurasa kwa harusi za mastaa na kuacha habari za mpunga uliokufa kwa chumvi wana ladha ile ile ya askari wa gereza lile.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuanza mahali padogo. Wanafunzi wao hupelekwa kila mwaka kwenye mafunzo kazini katika magazeti na vituo vya redio. Idara zinazowapeleka huandikiana barua na mashirika hayo, na barua hizo hutaja saa za kazi na nani atakayetoa alama. Hakuna kinachozizuia kutaja pia kwamba mwanafunzi akikataa kuandika asichokithibitisha hatakatwa alama, na kwamba mwenye malalamiko, hasa msichana, ana mtu chuoni wa kumwendea ambaye jina lake limeandikwa katika barua yenyewe. Kifungu cha dhamiri kikishazoeleka katika barua ya mafunzo, haitakuwa ajabu mhitimu kukiulizia katika mkataba wake wa kwanza wa kazi. Mkataba wenyewe aghalabu ni kurasa tatu au nne, na mwenye kuutia saini huwa amekwisha kupiga hesabu ya nauli ya kurudi nyumbani endapo ataukataa.